Unahama na mbwa? Ukweli utangulie mlangoni



Dominika hii naomba tuzungumze jambo ambalo huenda hujawahi kulisikia likihubiriwa kanisani: kutafuta nyumba ya kupanga ukiwa na mbwa. Usicheke kwanza. Anayehama na kabati hana shida kubwa. Kabati hupakiwa kwenye kirikuu, likifika linasukumwa ukutani, na hakuna jirani atakayeuliza limechanjwa lini. Anayehama na mbwa anabeba kiumbe kinachobweka, kinachokula, kinachomjua bwana wake kwa harufu, na ambacho mwenye nyumba mpya hakukiomba.

Jambo hili nimeletewa na mama mmoja muumini, naye ameniruhusu nilieleze bila kumtaja. Ni mjane na mtumishi wa umma. Alihamishwa kutoka kijiji kimoja wilayani Butiama kuja Musoma mjini. Ana watoto wawili na mbwa mmoja ambaye marehemu mumewe alimleta nyumbani akiwa bado kitoto cha kubebwa mfukoni. Baba alipofariki, mbwa yule ndiye aliyebaki kulala mlangoni. Usiku mmoja wezi walifika zizini, akabweka mpaka majirani wakatoka na tochi, mbuzi wakapona. Tangu siku hiyo watoto wanamwita askari wa baba.

Mama alitaka nyumba Mwigobero. Ni karibu na kazini, soko lipo, na watoto wangeweza kwenda shule kwa miguu. Dalali akamzungusha, na nyumba ya tatu ikampendeza: vyumba viwili na sebule, choo ndani, kodi ya miezi sita kama ilivyo desturi. Mwenye nyumba, mzee wa heshima, aliuliza maswali ya kawaida. Mko wangapi? Unafanya kazi gani? Mnapikia mkaa au gesi? Habari ya mbwa hakuuliza. Walipokuwa wanarudi barabarani, dalali akamwambia mama kwa sauti ya chini: “Mama, habari ya mbwa nyamaza tu. Lipa kwanza, andikishaneni, halafu mlete usiku. Akishaingia, ameingia.”

Mama hakulala vizuri. Kesho yake akaja parokiani na swali moja: “Padri, mzee hakuniuliza. Nikinyamaza, nitakuwa nimesema uongo?”

Msomaji wangu, swali hilo ni kubwa kuliko mbwa. Ndilo linalotuongoza leo.

Mwenye nyumba naye ana sababu

Anayeijua Mwigobero ataelewa kwa nini mbwa ni jambo zito pale. Ni kata ya mjini, imeshikana na Ziwa Viktoria. Asubuhi mwaloni pamejaa: boti na mizigo, akina mama na beseni za samaki, matoroli, vijana wa bodaboda, wasafiri wa kuvuka kwenda Kinesi upande wa Rorya. Nyumba zimesogeleana kama watu waliokaa kwenye benchi moja. Katika nyumba nyingi za kupanga za mijini kwetu, familia nne au tano zina ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo na LUKU moja wanayochangia. Mtoto wa huyu anatambaa pale pale yule anapofulia.

Sasa ingiza mbwa katika ua huo. Atabweka saa nane za usiku wakati jirani anatakiwa kuamka saa kumi kuwahi mwaloni. Atajisaidia mahali watoto wanapocheza. Atamfukuza kuku wa mama wa chumba cha pili. Mgeni wa mpangaji mwingine ataogopa kuingia. Na iwapo atamng'ata mtu, wa kwanza kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa ni mwenye nyumba.

Wapo pia wenye nyumba na majirani Waislamu, na huko Musoma tunaishi nao vizuri tangu zamani. Katika mafundisho ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu anayetia udhu uani ana haki ya kujua kama uani patakuwa na mbwa. Wala tusidhani kwamba ndugu zetu hao wamefundishwa kumchukia mnyama huyu. Katika mapokeo yao kuna habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa sababu alimnywesha maji mbwa mwenye kiu, na Kurani inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana waliolala pangoni. Kumhurumia mnyama ni jambo moja, kuishi naye ua mmoja ni jambo jingine.

Kwa hiyo ukiambiwa “mbwa hapana”, usikimbilie kujilinganisha na Yosefu na Maria waliokosa nafasi Bethlehemu. Pengine aliyekukatalia ana moyo mwema tu, na ua mdogo.

Kunyamaza nako kunaweza kudanganya

Turudi kwa swali la mama. Je, kunyamaza ni uongo?

Kanisa halitufundishi kwamba kila mtu ana haki ya kujua kila kitu chetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inasema wazi kwamba halazimiki mtu kumfunulia ukweli asiye na haki ya kuujua. Dalali akikuuliza mumeo alikufa kwa ugonjwa gani, una ruhusa ya kubadili mazungumzo. Jirani akitaka kujua mshahara wako, mwachie Mungu amjibu. Ukimya wa namna hiyo unalinda heshima ya mtu, nao ni mwema.

Lakini mwenye nyumba yuko mahali tofauti. Mnafanya naye mapatano. Anakukabidhi mali yake na usalama wa wapangaji wake wengine, wewe unamkabidhi fedha zako. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2410, inafundisha kwamba mapatano yafungwe na kutekelezwa kwa nia njema. Nia njema maana yake nini? Nitakupa kipimo kimoja rahisi unachoweza kukitumia leo kwenye nyumba, kesho kwenye shamba, keshokutwa kwenye posa. Jiulize: mwenzangu angelijua jambo hili, angekubali? Ukiona unanyamaza kwa sababu hasa unajua asingekubali, ukimya wako umefanya kazi ya uongo, ingawa mdomo haukufunguka.

Tazama pia maisha yatakayofuata ndani ya nyumba hiyo. Kila mbwa akibweka, moyo unaruka. Mzee akipita kuangalia nyumba yake, mbwa anafungiwa chooni. Kisha siku inakuja ambapo mama anamwambia mtoto wa miaka saba: “Babu akiuliza, sema ni mbwa wa jirani.” Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Tulianza kwa kutafuta pa kulala, tukaishia kumfundisha mtoto kudanganya wazee. Kodi ya miezi sita huisha, na fundisho hilo haliishi.

Nilimwambia mama: rudi kwa mzee, mwambie kabla hujalipa. Akaniuliza, “Na akikataa?” Nikamjibu kwamba akikataa atakuwa amekataa mbwa. Ukimdanganya, siku akigundua atakukataa wewe.

Kumtupa ni kumtupia mwenzako

Dalali huwa na ushauri wa pili: “Basi mwacheni huko huko.” Huu nao una wafuasi wengi kuliko tunavyokiri. Familia inahama Jumamosi. Vitanda vinapakiwa, kuku wanafungwa miguu, mbwa anabaki amesimama kwenye ua mtupu. Siku ya kwanza anangoja. Siku ya tatu bado anangoja. Wengine huona aibu kumwacha mbele ya majirani, wakampakia usiku na kumshusha karibu na soko au mwaloni, wakijifariji kwamba pale hakosi vichwa vya samaki.

Mpendwa msomaji, mbwa uliyemtupa usiku anakuwa mbwa koko wa mtaa wa mwenzako. Hachanjwi tena, kwa sababu hana mtu wa kumpeleka. Anajiunga na kundi, anazaa, anagombania mabaki. Watoto wanaotumwa alfajiri kununua mkaa au vitumbua ndio wanaokutana naye.

Na hapo tunafika kwenye kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, takribani 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara humalizikia kaburini. Lakini unazuilika kwa chanjo. Tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister kwa chanjo huko Paris mwezi Julai 1885, mwanadamu amekuwa na silaha mkononi. Wataalamu wanatuambia kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mbwa wako aliyechanjwa anakulinda wewe, na anamlinda pia mtoto usiyemjua.

Sisi wa Mara tuna ushahidi wa nyumbani kwamba mbwa asiyetunzwa hubeba madhara mbali kuliko ua wa mwenyewe. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliwaingia simba wa Serengeti na kuua takribani theluthi moja yao. Watafiti waliufuatilia na kuuhusisha na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Kwa miaka mingi sasa mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni. Ikiwa mbwa wa kijijini anaweza kumwangusha simba, sembuse mtoto wa chekechea?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakamtegea mbwa nyama yenye sumu ili “wasimwachie mtu mzigo”. Sumu hiyo haichagui. Huokotwa na mbwa wa jirani, huliwa na kuku, na mwishowe mkono wa mtoto huigusa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Na kabla ya sheria ya Bunge, kuna sheria ya Musa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamzungumzia ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa, asimfunge, na ng'ombe akaua mtu, hatia inamrudia mwenye ng'ombe. Weka mbwa mahali pa ng'ombe, utaona Neno la Mungu linakuuliza wewe, hata kama mbwa yuko mtaa wa tatu na wewe umeshahama.

Mbwa wa Tobia

Utasema, “Padri, Biblia yenyewe inawasema mbwa vibaya.” Ni kweli, mara nyingi. Kitabu cha Ufunuo kinawataja pamoja na wale wanaobaki nje ya mji mtakatifu, na Mtume Paulo anawaonya Wafilipi wajihadhari nao. Lakini elewa mazingira. Miji ya kale ilikuwa na makundi ya mbwa wasio na mwenyewe, wakila uchafu na mizoga. Waandishi watakatifu walichukua picha ya mbwa wale kuwaeleza watu waliojitoa katika uaminifu. Hasira ya maneno hayo ni juu ya watu.

Yesu alipozungumza na mama Mkanaani, katika Mathayo sura ya 15, neno la Kigiriki lililotumika ni lile la mbwa wadogo wa nyumbani, wanaozunguka miguuni pa watu wakati wa chakula. Yule mama akalidaka neno hilo hilo kwa unyenyekevu na akili: hata hao hupata makombo ya mezani. Imani yake ikasifiwa, binti yake akapona. Alijua anachosema. Bila shaka alikuwa ameona mbwa chini ya meza.

Lakini kwa anayehama, hakuna habari nzuri kuliko ya Tobia. Kwa wasomaji wa madhehebu mengine niseme kwamba kitabu cha Tobiti kimo katika Biblia ya Kikatoliki. Mzee Tobiti, kipofu, akiwa uhamishoni Ninawi, alimtuma mwanawe Tobia safari ya mbali hadi Media kufuata fedha alizoziweka kwa ndugu. Kijana akapata mwenzi wa njia, asijue kwamba ni malaika Rafaeli. Mwandishi akaongeza jambo dogo ambalo angeweza kuliacha: mbwa naye akatoka, akafuatana nao.

Mbwa yule hatendi muujiza wowote. Haongei, haokoi mtu, hata jina hana. Wanafika Ekbatana nyumbani kwa Ragueli, wanapokelewa, Tobia anamwoa Sara, harusi inachukua siku kumi na nne. Mbwa alilala wapi siku zote hizo? Kitabu hakisemi. Pengine uani, pengine zizini. Lakini katika sura ya 11, wanapokaribia nyumbani, mwandishi anamtaja tena: mbwa alikuwa nyuma yao. Aliyetoka nao, akarudi nao. Malaika mkuu hakuona vibaya kuongozana njia moja na mbwa, na Tobia hakuona kwamba utajiri mpya na mke mpya vinatosha kumsahau.

Ndugu yangu, hapo nimejifunza utaratibu mzuri wa kuhama. Malaika mbele, mbwa nyuma. Ukweli utangulie kuingia mlangoni, na aliyekutumikia asiachwe barabarani.

Upendo wenye mpangilio

Nisije nikaeleweka vibaya, nakuongezea fundisho moja. Katekisimu, namba 2416 hadi 2418, inasema wanyama ni viumbe vya Mungu na binadamu anawiwa kuwatendea wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Papa Fransisko alilirudia jambo hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Lakini Katekisimu hiyo hiyo inaongeza kwamba haistahili kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza mateso ya watu, na kwamba upendo unaostahili watu tu wasipewe wanyama.

Kwa hiyo mama akiniambia amepata nyumba inayompokea mbwa lakini watoto watalala kwenye unyevu na shule iko kilomita kumi, nitamwambia hapana. Mbwa anatafutiwa nafasi baada ya watoto. Lakini “baada ya watoto” si sawasawa na “jalalani”. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Mungu angeweza kumpima mwenye haki kwa sadaka zake au kwa kufunga kwake. Hapo amempima kwa punda na ng'ombe wake.

Mtakatifu Martin wa Porres, aliyefariki mjini Lima mwaka 1639 na kutangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962, anatuonyesha mpangilio huo. Maisha yake yote aliwauguza maskini na watumwa. Mapokeo yanasimulia kwamba aliwatunza pia mbwa na paka wagonjwa, nyumbani kwa dada yake. Kwa dada yake! Alitafuta mtu aliye tayari kuwapokea. Nawashauri wanaohama waige hilo.

Ukitafuta nyumba na mbwa

Basi tushuke kwenye mambo ya vitendo.

Kwanza, mwambie dalali habari ya mbwa kabla hajakupeleka popote. Utajiokolea fedha ya kuonyeshwa nyumba na aibu ya kukataliwa mlangoni. Dalali akisema tuifiche, tafuta dalali mwingine.

Pili, tumia jumuiya yako ndogo ndogo. Katika jumuiya kuna watu wanaojua nyumba ambazo hazijafika kwa madalali: mama aliyehamia kwa mwanawe, mzee anayetaka mpangaji mwenye mbwa kwa sababu ameibiwa mara mbili. Ukitoka parokia moja kwenda nyingine, omba barua ya utambulisho, na jioni ya Jumuiya sema haja yako.

Tatu, kubali kwamba ukiwa na mbwa huenda usipate katikati ya mji. Tazama pembezoni, kama Bweri, Nyakato au Buhare, ambako bado unaweza kupata nyumba inayojitegemea yenye uwanja na uzio. Piga hesabu ya nauli kabla ya kufurahia kodi ndogo.

Nne, mchanje mbwa kila mwaka kwa afisa mifugo au daktari wa mifugo, na cheti chake ukiweke pamoja na mkataba. Anayekwenda kuomba nyumba akiwa na cheti cha chanjo mkononi anazungumza lugha ambayo mwenye nyumba anaielewa.

Tano, yaandikeni mliyokubaliana: mbwa mmoja, atakaa wapi, atafungwa saa ngapi, nani ataokota kinyesi, nani atalipa akiharibu au akimng'ata mtu. Kisha wasalimie majirani kabla ya siku ya kuhamia. Jirani aliyeombwa huvumilia mengi kuliko jirani aliyeshtukizwa.

Sita, kama milango yote imefungwa, mtafutie mbwa mtu mwingine, mtu unayemjua kwa jina, mwenye nafasi na nia. Ndugu kijijini, mfugaji, mlinzi wa shamba. Mpeleke mchana, na cheti chake, na uwaambie watoto ukweli. Rudi umwone baada ya mwezi. Ukifanya hivyo hujamtupa, umemkabidhi.

Na popote ulipo, mtu aking'atwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Msianze na dawa za kienyeji, wala msingoje mbwa achunguzwe kwanza.

Kwenu wenye nyumba

Nanyi mliobarikiwa kuwa na nyumba za kupangisha, nina neno kwenu. Mna haki ya kukataa mbwa. Lakini ulizeni mapema na wazi, msingoje kodi ikiisha kulipwa. Mkikataa, kataeni mbwa bila kumdharau mtu. Na kama mna uwanja na uzio, fikirieni kabla ya kusema hapana: aliyewaambia ukweli juu ya mbwa wake huenda ndiye atakayewaambia ukweli siku bomba likipasuka au kodi ikichelewa. Mpangaji wa namna hiyo ni haba.

Yule mama alirudi kwa mzee wa Mwigobero. Alimkuta barazani, akamweleza yote. Mzee alinyamaza kidogo, akasema: “Hapana, mama. Mke wangu hutia udhu hapo uani, na wajukuu wanatambaa hapo hapo. Mbwa sitaweza. Lakini umenifanyia uungwana.” Mama akaaga, akaondoka bila nyumba. Siku chache baadaye mzee akampigia simu: shemeji yake alikuwa na nyumba Bweri, ina uzio, na mpangaji aliyetoka aliacha banda la mbwa. Huko ndiko anakoishi sasa. Nauli ya kila siku imeongezeka, na watoto wanaamka mapema zaidi kuliko walivyotarajia. Hilo ndilo gharama, naye analilipa.

Sikuahidi kwamba kila asemaye ukweli atapigiwa simu baada ya siku chache. Wapo watakaosema ukweli na kuzunguka mwezi mzima wakiwa na mizigo kwa ndugu. Nasema tu kwamba mtu anayeingia nyumba kwa ukweli, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa mbali, akifunga mlango usiku analala.

Mpendwa msomaji, wiki hii wapo watakaohama: watumishi waliopata uhamisho, wajane, wanafunzi, vijana waliooana juzi. Waombee. Na kama kwenye mtaa wako kuna mbwa amekaa mbele ya nyumba iliyohamwa, akitazama barabara, mwekee maji, kisha umwite afisa mifugo.

Ee Mungu, uliyempa Tobia malaika wa njiani, uwaongoze wote wanaotafuta makazi. Uwape ulimi wa kweli mlangoni, mioyo yenye huruma kwa viumbe vyako, na majirani wema. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nakutakia Dominika njema.